Mstari Alioacha Binti

Hospitali ile ilikuwa na mzee mmoja ambaye hakuna aliyekijua cheo chake hasa, lakini kila mtu alikijua chumba chake. Ukiingia mlango mkubwa, ukapita dirisha la malipo, unakutana na ngazi za kupandia wodini. Chumba kilikuwa chini ya ngazi hizo, na mlango wake ulikuwa mfupi kiasi kwamba daktari mrefu asiyekumbuka kuinama aliingia kashika paji la uso. Humo ndimo alimoshinda mtunza mafaili. Walimbatiza jina la Mzee Faili kwa utani, akalizoea, na hata mkewe akimkasirikia alimwita hivyo hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa amepanga majalada ya wagonjwa kwa herufi, akapigana na mchwa, akapigana na madaktari wanaochukua jalada na kulisahau kantini, na kwa kweli alikuwa mbishi.

Mwisho wa rafu, juu ya meza ya mbao, palikuwa na kompyuta nzee iliyovuma kutwa kucha. Hiyo ndiyo iliyokuwa seva, mashine inayopokea maneno ya kompyuta nyingine na kuyapeleka yanakotakiwa. Kwa macho ya mgeni lilikuwa sanduku la bati lililojaa vumbi, lakini jaribu kuweka kikombe cha chai juu yake uone Mzee Faili atakavyokubadilikia. Ndani ya sanduku hilo ilikaa programu aliyoiandika binti yake, mtoto wake wa pekee, na binti yake alikwisha kufariki.

Kabla ya programu hiyo, agizo la chakula cha mgonjwa liliandikwa kwenye kikaratasi, mhudumu akakitia mfukoni, na mara nyingi kikafuliwa pamoja na sare. Mwenye kisukari analetewa chai iliyokolea sukari. Aliyeambiwa asile kabla ya upasuaji anapelekewa mkate na mayai, anakula na kushukuru. Binti alikuwa anasomea kompyuta chuoni, na likizo alikuja kumsaidia baba yake kupanga majalada. Alipoona mambo ya vikaratasi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanuna, kisha akaanza kuandika. Akatengeneza ukurasa ambao sista wa wodi anaufungua, anajaza namba ya wodi, kitanda, jina la mgonjwa, na kisanduku cha mwisho kinachoitwa Maelezo. Akibonyeza Tuma, maneno yanasafiri mpaka kwenye seva iliyo chini ya ngazi, na seva inayaweka kwenye kioo cha kompyuta ya jikoni. Mpishi anasoma, anapika.

Alipokuwa anaimalizia alikuwa mgonjwa tayari. Aliiandika nyumbani, kitandani, mito mgongoni na kompyuta mapajani, mama yake akimsihi aweke kitu hicho chini ale japo vijiko viwili. "Nikimaliza mstari huu, mama," anajibu, na mstari haumaliziki. Jumanne moja alimwita baba yake, akampa ile kazi, akamwambia, "Tayari, baba. Kaiweke." Baba akaenda akaiweka, ikafanya kazi. Wiki chache baadaye walimzika, na kule hospitalini programu ikaendelea kupeleka uji na supu kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa, kompyuta ina tabia moja. Kila faili lililomo ndani yake linaonyesha jina lake, na pembeni tarehe ambayo mtu aliligusa kwa mara ya mwisho. Faili la binti lilionyesha tarehe ya ile Jumanne. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, Mzee Faili aliwasha kioo na kuitazama. Hakufanya kitu kingine, aliitazama tu, kisha akaanza kazi. Tarehe ile ilimwambia kwamba mikono ya mwisho kupita pale ilikuwa ya mwanawe. Fundi wa kompyuta alipokuja na maneno yake ya kuboresha mfumo, alifukuzwa kwa matusi ambayo hakutegemea kuyasikia kwa mtu wa umri ule. Katibu wa hospitali naye akajaribu kwa upole, akaambiwa, "Kilichofanya kazi mkiache." Wakakiacha. Watu wazima wote wa pale walijua sababu, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kubishana na baba aliyefiwa.

Mtu mmoja alikuwa karibu na mambo haya kuliko wengine, naye ni mpishi mkuu. Alikuwa mnene, mcheshi, ana goti bovu. Tangu binti akiwa wa shule ya msingi anakuja kumsubiri baba yake, mpishi ndiye aliyemtafutia kiti jikoni na kumpakulia. Binti akamwita Baba Mdogo, na mpishi, ambaye hakujaliwa mtoto, akalishika jina hilo kwa mikono miwili.

Huyu mpishi alikuwa na kituko chake. Karibu kila siku kabla ya chakula cha mchana alipanda ngazi, anahema, anashika ukuta, mpaka wodi ya upasuaji ya wanawake. Huko kulikuwa na sista mmoja mwembamba, mjane, mkali, miwani inaning'inia kifuani. Mpishi anasimama mbele ya meza yake anafuta jasho na kuuliza, "Sista, kwa wagonjwa wako leo hakuna la kuongeza?" Sista anamsomea anayotaka, mpishi anashukuru, anateremka. Wodi nzima ilikwisha kutoa hukumu: mpishi kapenda. Wauguzi wakimsikia anahema ngazini wanamwambia Sista, "Mgeni wako huyo anakuja," na Sista anawafokea huku akirekebisha kofia. Hata Mzee Faili, akisikia zile nyayo nzito juu ya kichwa chake, alitabasamu peke yake na kusema, mapenzi hayana goti.

Basi siku moja ya Jumatatu, mwalimu mmoja wa kike aliyefanyiwa upasuaji wa mguu aliletewa chakula cha mchana. Wali umeiva vizuri, mboga laini, na mchuzi wa karanga juu yake. Alikula kijiko cha kwanza na cha pili hana habari. Kufumba na kufumbua midomo ikavimba, koo likajifunga, akawa anajikwaruza shingo na kutafuta hewa. Mama yake aliyekuwa ameketi pembeni akapiga kelele ambazo zilisikika mpaka dirisha la malipo. Madaktari walikimbia. Aliponea tundu la sindano, wakamtia mrija kooni, na siku mbili alilala hajitambui. Alipona, lakini sauti iliyorudi ilikuwa ya mkwaruzo, na mtu anayeishi kwa kufundisha anaihitaji sauti yake.

Kamati ikakaa Jumatano, kwenye chumba cha mikutano chenye feni inayogongagonga. Katibu aliketi mbele. Sista alisoma alichokituma, kwa sababu kioo chake kilikuwa kinatunza kila anachoandika: chakula laini, na karanga asiguse kabisa. Kioo cha jikoni hakikuwa na la kusema, maana maagizo hufutwa jioni. Katibu akamgeukia mpishi.

"Agizo hili ulilipata?"

"Nilipata chakula laini."

"Na karanga?"

Mpishi aliinua macho akamtazama Mzee Faili, ambaye alikuwa ameitwa kama mwenye seva. Alimtazama kwa muda, kisha akashusha macho mezani. "Labda macho yangu, mheshimiwa."

"Labda, au ndiyo?"

"Andika macho yangu."

Katibu hakuridhika. Akamuuliza Mzee Faili, "Na ule mfumo wa binti yako, Mungu amrehemu, hauwezi kuwa ulipoteza maneno njiani?"

Mzee Faili alijisikia kama mtu aliyetukaniwa mtoto. Hakuomba muda wa kwenda kuangalia. Aliweka mkono kifuani akasema, "Programu ile haijawahi kukosea hata siku moja." Alisema kwa fahari, kwa sauti ya kutosha, na ikaandikwa. Mpishi akaambiwa arudi nyumbani, barua yake ya kuachishwa kazi itasainiwa Jumatatu. Unga umemwagika, tena uzeeni, tena na jina la mtu aliyekaribia kuua. Alitoka anachechemea, na mlangoni akampa Mzee Faili njia apite kwanza.

Kesho yake asubuhi, tarehe imekwisha kutazamwa na koti limekwisha kuvuliwa, msaidizi wa mpishi aliingia chumbani. Alikuwa mama wa maneno machache, na siku hiyo alionekana kama aliyelala vibaya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Vipi jikoni?"

"Nimekuja kuuliza. Mpishi hayupo, sasa nani atakuwa anapanda kwa Sista?"

Mzee Faili akacheka kidogo. "Mama, hayo ni mambo yao wawili. Huwezi kumpandia mtu uchumba wake."

Mama yule hakucheka. "Uchumba gani, mzee? Anakwenda kuuliza maneno yaliyokatika. Ya Sista yanakatika sana. Unapata nusu, nusu nyingine hakuna. Miaka yote anapanda kwa ajili hiyo. Jumatatu goti lilimkatalia. Alikanyaga ngazi ya kwanza, akarudi, akasema leo Sista atanisamehe."

Mzee Faili aliweka chini jalada alilokuwa ameshika. "Na kwa nini hakuniambia?"

"Mzee," alisema yule mama, akitazama seva na kuondoa macho haraka. "Nani angekuambia wewe?"

Mzee Faili alipanda ngazi zile mwenyewe. Zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani, na hapo ndipo alipolifikiria goti la mpishi. Alimkuta Sista mezani. Kwenye kitanda cha dirishani alilala yule mwalimu, leso shingoni, anatazama nje, mama yake anamchania nywele. Mzee Faili aliwasalimu, mwalimu akajaribu kuitikia, ukatoka mkwaruzo. Mzee alitamani ardhi impasukie.

"Sista, hebu niandikie agizo hapa mbele yangu. Lile lile la Jumatatu."

Sista alimtazama juu ya miwani, lakini akaandika. Vidole vyake vilikwenda haraka: chakula laini, kisha ile alama ya &, kisha karanga asiguse kabisa.

"Hiyo alama badala ya neno na, unaiandika siku zote?"

"Tangu nikiwa mwanafunzi. Tulikuwa na kadi ndogo, kila mgonjwa kadi yake, ukiandika maneno kamili nafasi inakwisha. Mkono umeshazoea. Kwani vipi?"

"Tuma."

Akatuma. Juu ya kioo, pale panapokaa anwani ya ukurasa, ukatokea mstari mrefu, na Mzee Faili akausoma kidole kikiwa juu yake: wodi ni fulani, &, kitanda ni fulani, &, jina ni fulani, &, maelezo ni chakula laini, &, karanga asiguse kabisa. Akachukua simu ya mezani akapiga jikoni. "Mmepata nini?" Yule mama akajibu, "Chakula laini. Basi."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Hakuwa fundi, lakini hili alikwisha kuelezwa. Alielezwa na binti yake, mezani nyumbani, kwa sauti ya mtoto anayetafuna. "Baba, seva haina macho. Inapewa mstari mmoja mrefu tu, na kinachotenga kipande na kipande ni alama hii ya &. Ikiiona inajua kipande kimekwisha, kingine kimeanza. Sasa mtu akiiandika mwenyewe katikati ya maneno yake, seva inadhani ni mpaka. Inakata pale pale, na kilichobaki haikijui, inakitupa. Ndiyo maana neno la mtu halisafirishwi wazi, lazima lifungashwe kwanza. & inavaa alama ya asilimia na namba, mbili sita, inapita salama, ikifika inavuliwa inarudi kuwa yenyewe." Yeye alikuwa amemjibu kwamba kwa bei yake, kompyuta zingepaswa kuwa na akili zaidi. Wakacheka wote watatu, na mama akasema waache kuongea midomo imejaa.

"Sista," alisema Mzee Faili, "kuanzia sasa hivi, mpaka nikwambie, mtu asitumie ukurasa huu. Wodi zote zipige simu jikoni."

Sista alikuwa amekwisha kuelewa kiasi chake. Alivua miwani. "Kwa hiyo mpishi hakusoma vibaya."

"Hakusoma vibaya. Hayakumfika. Alikuwa anayafuata huku kwa miguu yake."

Sista aliikunjua mikunjo ya sare yake ambayo haikuwa na mikunjo. "Kumbe ndicho kilichokuwa kinampandisha," alisema mwishowe, na akageukia dirishani kumfunika mwalimu shuka.

Mzee Faili alirudi chini akafungua faili la binti. Kulisoma hakubadilishi tarehe, hilo alilijua vizuri mno. Alishuka mstari kwa mstari mpaka mahali ukurasa unapounganisha maneno kabla ya kuyatuma. Kwenye jina la mgonjwa, binti alikuwa ameweka lile neno la kufungashia, maana kuna majina yenye alama zake, na alikwisha kuyafikiria. Mstari wa chini yake, penye maelezo, hapakuwa na neno hilo. Maelezo yalikuwa yanasafiri wazi.

Aliutazama mstari ule akaona mito, akaona kompyuta mapajani, akasikia nikimaliza mstari huu, mama. Alisahau? Alichoka? Alikusudia kuurudia kesho yake, na kesho yake homa ikapanda? Hakuna wa kumjibu. Alijua kinachotakiwa: kulinakili neno la mwanawe mwenyewe kutoka mstari wa juu na kuliweka mstari wa chini. Kazi ya kunywa maji. Lakini ukishaweka, lazima uhifadhi, na ukihifadhi tarehe inabadilika. Unaweza kutunza nakala ya zamani pembeni, ndiyo, hata hilo alilifikiria. Lakini nakala isingekuwa ile inayofanya kazi, na yeye alichokitunza miaka yote ni kwamba mwanawe bado yuko kazini.

Akafunga faili, akaenda kwa Katibu. Hakuzunguka. Akasema kosa liko kwenye programu, akaeleza liko wapi, akasema mpishi hana hatia.

Katibu aliegemea kiti. "Jana ulituambia haijawahi kukosea."

"Nilisema bila kuangalia."

Katibu hakuwa mtu mbaya, na pengine hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alisimama akafunga mlango. "Mzee wangu, sikiliza. Mpishi mwenyewe amekiri. Goti limemwishia, kustaafu kwake si mbali, nitamtafutia njia aondoke kwa heshima. Ule mfumo mwakani tunaununua mpya, wa zamani unazimwa kimya kimya. Familia ya mgonjwa inataka jina la mtu. Unataka tuwape jina la marehemu? Binti yako hapa anakumbukwa vizuri. Mwache akumbukwe vizuri."

Sitamtia Mzee Faili utakatifu ambao hakuwa nao, aliyatamani maneno yale. Ilikuwa rahisi kuitikia, kwenda chini, kuvua koti, kutazama tarehe, na kuishi. Kisha akakumbuka mpishi alivyompisha mlangoni.

"Hutawapa jina lake," alisema. "Utawapa langu. Yeye aliandika akiwa anaumwa, akafa. Mimi niko mzima, na nilimfukuza kila aliyetaka kuangalia. Kama kuna wa kuandikwa, andika mimi. Na mpishi arudi kesho."

Katibu alifungua mlango tena. "Nenda kamlete, basi," alisema. "Barua yako tutaizungumza."

Mpishi aliishi vyumba viwili nyuma ya hospitali. Alikuwa kibarazani, mguu juu ya stuli, sinia la mchele mapajani anachambua, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure. Alipomwona mgeni alitaka kuinuka. Mzee Faili akamzuia, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza.

"Nimeuona mstari," alisema.

Mpishi aliendelea kuchambua. "Mstari gani, kaka?"

"Usinifanye mtoto. Miaka yote ulijua."

Hapo mpishi akaweka sinia chini. "Sikujua sababu. Nilijua yanakatika tu. Nilikuja kukuambia, mara ya kwanza yaliponitokea. Ilikuwa siku chache baada ya mazishi. Nikainama pale mlangoni kwako, nikakukuta umeweka shavu juu ya ile mashine. Hukuniona. Nikasema moyoni, hapa naingia kusema nini? Kwamba mtoto kakosea? Nikarudi. Nikasema ngazi siyo mlima, nitakuwa nakwenda kuuliza mwenyewe."

"Ungeniambia," alisema Mzee Faili, na sauti ikapanda bila yeye kupenda. "Siku ile, au mwezi uliofuata, au jana mbele ya kamati. Ungeniambia, hata kama ningekutukana. Yule mwalimu angekufa. Unajua kwamba angekufa? Kwa sababu wewe ulinionea huruma, na mimi niliionea huruma mashine."

"Najua," alisema mpishi. "Tangu Jumatatu silali." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Alikuwa ananiita Baba Mdogo. Sasa mimi ningesimama mbele ya watu niseme ni yeye?"

Wazee wawili wakakaa kibarazani wanalia, kila mmoja anatazama upande wake, mchele umeachwa kwa kuku wa jirani. Baadaye Mzee Faili alimwambia arudi kazini kesho. Akamwambia na la Sista, kwamba amekwisha kujua kilichokuwa kinampandisha. Mpishi alijifuta uso kwa kiganja.

"Amekasirika?"

"Hapana. Nadhani amehuzunika."

Mpishi alilitafakari hilo. "Mwanzoni yalikuwa maagizo tu," alisema polepole. "Baadaye, kaka, sina hakika."

Jioni, mezani, Mzee Faili alimweleza mkewe yote. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, akitoa mawe kwenye maharage ya kesho. Aliposikia habari ya tarehe alisimamisha mkono.

"Kwa hiyo ulikuwa na kitu unachokitazama kila asubuhi," alisema. "Mimi nilimbeba tumboni, na sina hata hiyo."

Mzee Faili hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Aliona haya. "Kesho naibadilisha. Ukitaka, twende wote ukaione kwanza."

Walikwenda. Mkewe aliinama mlango mfupi, akaketi kwenye kiti pekee, na mumewe akamwonyesha kwenye kioo: jina la faili, na pembeni ile Jumanne. Alivaa miwani akaisoma kimya. Alinyoosha kidole akaigusa juu ya kioo, kisha akakitoa.

"Ndiyo ile siku aliyokataa uji," alisema. "Haya. Fanya, baba. Amalizie mstari wake."

Mzee Faili alifungua faili. Akashuka mpaka pale. Akalichukua neno la kufungashia kwenye jina, akaliweka kwenye maelezo, akahakikisha mabano yamefungwa. Mkono ulitulia juu ya kibodi muda mrefu, na mkewe hakumharakisha. Kisha akahifadhi.

Tarehe ikawa ya leo.

Juu wodini Sista alikuwa amekwisha kuambiwa asubiri simu. Alipopata simu aliandika agizo la kitanda cha dirishani, kwa mkono wake uleule wa enzi za kadi, na hakubadilisha hata alama moja. Akatuma. Chini ya ngazi, mume na mke walitazama simu ya mezani. Feni ya seva ilivuma. Simu ikalia, na Mzee Faili akaiweka katikati ili wasikie wote.

Ilikuwa sauti ya mpishi, kutoka jikoni, anasoma polepole kama mtu anayesomea watoto. "Chakula laini. Halafu ile alama ya Sista. Halafu, karanga asiguse kabisa." Wakamsikia anavuta pumzi. "Yamefika yote, kaka. Mwambie mtoto yamefika yote."